Mchango mkubwa wiki mbili kabla ya kura: unatangazwa lini, na nani anauona?

KaraniWaSako (Nakuru)

Hamjambo wandugu. Mimi ni karani wa hesabu kwenye sako moja ya matatu hapa Nakuru, kwa hivyo kuhesabu noti zilizokunjwa hakunishindi. Anayenishinda ni mjomba. Anawania kiti cha wadi mwaka 2027, na familia ilikaa bila mimi ikaamua mweka hazina wa kampeni niwe mimi.

Kura ni Jumanne, tarehe 10 Agosti, lakini pesa zimeanza kuingia mapema. Mia tano za shemeji, elfu mbili za mama mboga wa soko la Wakulima, elfu kumi za mwalimu wake wa zamani. Zote nimeandika: jina, simu, tarehe. Nyingi zimepitia M-Pesa, na M-Pesa haisahau.

Sasa kuna bwana mmoja kontrakta ambaye hupata kazi za barabara za kaunti. Amemwahidi mjomba nusu milioni, ila si sasa. Ataitoa wiki mbili za mwisho, taslimu, na jina lake lisiandikwe popote. Juu yake ataongeza lori la kubebea spika, bure. Mjomba anaita baraka. Mimi naona tenda inaombwa kabla haijatangazwa.

Naomba kujua: sheria inataka mchango kama huo utangazwe lini? Na mpiga kura ataujua kabla hajapiga kura au baadaye? Tafadhali mtu asinijibu "hii ni Kenya". Najua niko wapi.

Omosh_Kondele

Chukua pesa dada. Mkono mtupu haulambwi. Hao wapinzani wa mjomba wako unadhani wanaandika daftari?

AjentiMstaafu (Kisumu)

Binti, mwache huyo Omosh. Nimefanya kazi za chama huku Kisumu tangu enzi za masanduku ya mbao, na hili jambo nimelifuatilia.

Sheria ipo: Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013. Ukiisoma utadhani imeandikwa na mama mkwe mkali. Mchango wa mtu asiyejulikana hauruhusiwi kutumika. Unatakiwa kuripotiwa na kukabidhiwa Tume ya Uchaguzi, IEBC, ndani ya siku 14. Mtu mmoja hawezi kutoa zaidi ya asilimia 20 ya michango yote. Serikali za kigeni haziruhusiwi kuchangia, na taasisi za umma vilevile. Na hilo lori unaloita la bure nalo ni mchango, lipigiwe bei liingie kitabuni.

Haya, utekelezaji. Kabla ya uchaguzi wa 2017 wabunge waliisimamisha mpaka uchaguzi upite. Mwaka 2021 IEBC ikachapisha viwango vya matumizi, mgombea urais akipewa takriban shilingi bilioni 4.4. Oktoba mwaka uohuo Bunge likazifuta kanuni, na 2022 tukaingia kwenye kura bila kikomo chochote. Wanaotunga mipaka ni walewale watakaochunguzwa, kwa hivyo sikushangaa.

Lakini swali lako ni la wakati, na hapo ndipo panaponiudhi zaidi. Hata sheria hiyo ingefanya kazi neno kwa neno, ripoti ya mwisho ya matumizi inapelekwa miezi mitatu baada ya uchaguzi. Baada! Mheshimiwa ameshaapishwa. Na taarifa za wafadhili zinazowekwa kwa Tume ni siri, hazitolewi ila kuwe na malalamiko, uchunguzi au kesi mahakamani. Kwa hivyo mama mboga wako hatamjua kontrakta kabla ya kura, na huenda asimjue kamwe.

KaraniWaSako (Nakuru)

Asante sana mzee. Nimepiga hesabu hapa. Bahasha ikija tarehe 27 Julai, zile siku 14 za kuikabidhi zinaisha siku yenyewe ya kura. Huyo bwana ama ana bahati ama ana wakili. Na ili nusu milioni isipite asilimia 20, michango yote inatakiwa ifike milioni mbili na nusu. Sisi hata laki nne hatujafika.

Omosh, barabara ya kwenu ikibomoka mvua ya kwanza, usiulize nani aliijenga.

Omosh_Kondele

😂 Imeshabomoka.

MwanaKakamega_Ughaibuni

Niko Marekani, na huku niliwahi kujitolea kupiga simu kwenye kampeni ya mgombea wa Bunge la Wawakilishi. Kwa viti vya kitaifa, zile wiki za mwisho zina kanuni yake. Mgombea akipokea dola 1,000 au zaidi kutoka kwa mtu mmoja, kuanzia chini ya siku 20 kabla ya kura hadi zibaki saa 48, lazima aijulishe tume yao, FEC, ndani ya saa 48. Jina, anwani, kazi na mwajiri wa mtoaji vinawekwa kwenye intaneti, na mtu yeyote anasoma kabla ya kwenda kupiga kura. Noti taslimu mwisho ni dola 100 kwa mtu. Bahasha ya huyo bwana wenu ingerudishwa.

Msidhani huku ni peponi lakini. Kuna mashirika yanayotumia mamilioni kwenye matangazo ya siasa bila kutaja nani kayapa pesa, na hayo hiyo kanuni ya saa 48 haiyafikii. Mwenye pesa nyingi na haya kidogo hupitia huko.

Uingereza nao, kipindi cha uchaguzi mkuu vyama huripoti michango mikubwa kila wiki. Tangu 2024 kinachohesabika kuwa kikubwa ni kilichozidi pauni 11,180.

AjentiMstaafu (Kisumu)

Kila wiki, kabla ya kura. Hilo hata kwa wadi linawezekana, kwa karatasi na gundi tu. Hakuna sheria inayomkataza mgombea kujitangazia mwenyewe.

KaraniWaSako (Nakuru)

Ndivyo nilivyokuwa nawaza. Jumapili mjomba anakuja kwetu kula. Nitamwambia kontrakta akitaka kuchangia, apitishe benki, kwa jina lake, kiasi kisichozidi asilimia 20, na kabla ya Julai kuisha. Kila Ijumaa nitabandika orodha mlangoni mwa ofisi ya kampeni, majina na viwango, lori likiwemo. Wale wa mia tano nitawauliza kwanza kama wanataka kutajwa. Wengine wana majirani wa upande ule.

Omosh_Kondele

Na mjomba akikataa?

KaraniWaSako (Nakuru)

Atafute karani mwingine. Sako bado inanilipa.