Naomba ushauri: upasuaji wa saratani ya umio kwa kamera ya 3D

Ndugu wanachama, baba yangu mzazi amegundulika kuwa na saratani ya umio (mrija wa kupitisha chakula) ambayo haijasambaa, na baada ya tibakemikali na mionzi madaktari wanapanga kuondoa sehemu kubwa ya umio na kulivuta tumbo (yaani mfuko wa chakula) hadi kifuani lichukue nafasi yake.

Kuhusu kupitia matundu madogo badala ya kupasua kifua sina shaka kubwa, kwa kuwa utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha maambukizi ya mapafu katika wiki mbili za kwanza yakiwa asilimia 9, dhidi ya 29 kwa waliopasuliwa kifua. Kinachonitatiza ni kamera: ya 3D au ya kawaida. Daktari alinionyesha kwenye mchoro neva ya kamba za sauti upande wa kushoto, nyembamba kama uzi, inayozunguka chini ya upinde wa aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) na kupanda kando ya bomba la hewa, palepale zinapoondolewa tezi za limfu. Ikijeruhiwa, sauti hukwaruza na mgonjwa hupaliwa anapokunywa. Picha ya 3D, inayotazamwa kwa miwani maalumu, humwezesha mpasuaji kuona kina.

Hata hivyo, hospitali yenye kamera hiyo iko mbali na gharama ni kubwa, ilhali daktari wetu wa karibu ana uzoefu mrefu wa kamera ya kawaida, jambo ambalo mimi nalipa uzito zaidi. Je, waliofanya au kuuguza upasuaji huu wanaonaje: tusafiri, au tubaki kwake? Na tumuulize nini kabla ya kutia saini?