Anaongea Kiingereza kama maji, lakini insha inamshinda. Nakosea wapi?

Mgeni wa Kitengo

Habari za kazi, walimu wenzangu. Muhula huu nimeanza kazi kwenye shule ya kimataifa ya bweni, kitengo cha kuwasaidia wanafunzi ambao Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao. Ninao 14, na kati yao kuna lugha 7. Kabla ya hapa nimefundisha Kiingereza kama somo kwa miaka 6, kwa hiyo sarufi hainipi tabu. Wanaoninyima usingizi ni wawili.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 14, kwao wanaongea Kikorea, huu ni mwaka wake wa pili hapa. Uwanjani hakuna anayemshinda kwa maneno. Anabishana na refa kwa Kiingereza mpaka refa anacheka. Wiki iliyopita kwenye Historia waliulizwa: "To what extent was the Treaty of Versailles fair?" Akaandika mistari minne: mkataba ulitiwa saini 1919, Ujerumani ikapunguziwa jeshi hadi askari 100,000, ikapoteza ardhi, ikatakiwa kulipa fidia. Basi. Mwalimu wake ameandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu.

Wa pili ni binti wa miaka 12, lugha yake Kirusi. Wiki ya 7 hii, hajatamka sentensi hata moja darasani. Anaandika jina na tarehe, kisha anakunja mikono.

Nawatoa darasani vipindi 4 kwa wiki, tunafanya nyakati za vitenzi na matumizi ya "a" na "the". Majaribio yangu wanafaulu. Wakirudi kwenye masomo yao hali ni ile ile. Naombeni ushauri.

Kalamu Nyekundu

Mwalimu, pole na karibu. Nina miaka 11 kwenye kazi hii na nakuambia kwa uhakika: kijana huyo si mvivu. Naomba neno hilo lisikae kwenye faili lake, maana litamfuata kila darasa atakaloingia.

Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili, aliliweka wazi jambo hili mwaka 1979. Kuna Kiingereza cha maongezi na kuna Kiingereza cha kitabuni. Cha maongezi mtoto hukipata ndani ya miaka 2 hivi, kwa sababu pale uwanjani mpira unaonekana, mikono inaonyesha, uso wa mwenzake unamjibu. Kwenye ukurasa wa Historia hakuna uso. Hicho cha pili huchukua miaka 5 hadi 7, na wako ana mwaka mmoja na kitu. Tatizo ni kwamba ulimi wake mwepesi unawadanganya walimu, wanadhani amefika.

Mimi nilijifunza hili nikiwa nimekaa nyuma ya darasa la Sayansi na daftari langu. Nilidhani watoto watakwama kwenye maneno makubwa ya Biolojia. Hayo mwalimu aliyaandika ubaoni, akayachorea, akayarudia. Walikwama kwenye maneno ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyaeleza: "whereas", "rate", "account for". Binti mmoja aliulizwa "Account for the difference between the two results," yaani aeleze sababu ya tofauti. Akaandika: "The difference has no account." Alijua "account" ni ya benki. Alikaa dakika kumi akiitafuta hesabu ya fedha kwenye jedwali la mimea, na alama yake ilikuwa sifuri. Sitasahau ile sentensi, kwa sababu sarufi yake haina kosa hata moja.

Kwa hiyo angalia vipindi vyako 4 unavitumia kwa nini. Kikorea hakina "a" wala "the", hata Kirusi hakina. Kosa hilo litakaa nao miaka mingi na halitamfelisha mtu Historia. Nenda kwa mwalimu wa Historia Ijumaa, dakika 15 zinatosha, mwombe matini ya wiki ijayo. Chambua maneno 8, si zaidi. Fundisha hayo KABLA ya somo, ili kijana akiingia darasani awe anakutana na maneno anayoyajua.

Na jambo la mwisho, ambalo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Unasema anabishana na refa. "To what extent" inataka nini kama si kubishana? Kijana anacho tayari kile swali linachokitaka, hajui tu kwamba kinaruhusiwa kwenye karatasi. Mkalishe, mwambie mkataba ule ndio refa, akatae uamuzi. Aseme kwa mdomo, hata kwa Kikorea kwanza akitaka. Wewe andika anachosema kama kilivyo, halafu mkibadilishe pamoja kiwe Kiingereza cha insha.

Mlezi wa Bweni la Wasichana

Mimi si mwalimu wa lugha, ila nalala nyumba moja na watoto hawa, kwa hiyo naomba niseme kuhusu binti.

Ukimya wa miezi ya mwanzo ni kawaida kwa mtoto aliyetupwa kwenye lugha mpya. Anasikiliza, anaweka akiba. Usimsimamishe mbele ya wenzake aseme. Mpe njia nyingine za kujibu: aonyeshe kwa kidole, apange picha, achague kati ya sentensi mbili.

Lakini ulizia jambo moja bwenini: akipiga simu nyumbani anaongeaje? Kama anacheka na kusimulia kwa lugha yake, tulia, maneno yatakuja. Kama hata kwenye simu yuko kimya, hiyo si habari ya Kiingereza tena. Mpeleke kwa muuguzi apimwe masikio, na kwa mshauri wa wanafunzi.

Na kama bweni lenu linakataza lugha za nyumbani, tafadhali lipiganie liache. Nilifanya kazi mahali penye katazo hilo na adhabu juu yake. Mtoto aliumwa sikio siku mbili bila sisi kujua. Rafiki yake wa chumbani alijua tangu usiku wa kwanza, ila waliogopa kukutwa wakinong'onezana kwa lugha yao. Bado inaniuma.

Mwalimu wa Kemia

Nakubaliana na Kalamu Nyekundu kwa sehemu kubwa. Ila tusifike mahali pa kusema kila mtu abaki darasani. Mtoto aliye ngazi ya A1, yaani anayeanza kabisa Kiingereza, akikaa dakika 40 kwenye somo langu la asidi na besi bila kuelewa, tunampotezea muda. Huyo binti anahitaji vipindi vyake vya pembeni. Kijana ndiye arudishwe.

Na mkitujia sisi walimu wa masomo, njooni na ukurasa mmoja. Mimi nilibadilika siku nilipopewa orodha fupi ya maneno ninayoyatumia kila siku: "solution" kwangu ni mchanganyiko wa maji na chumvi, saa inayofuata kwenye Hisabati ni jibu. "Volume" kwangu ni ujazo, kwenye simu ya mtoto ni sauti. Hakuna aliyewahi kuniambia. Sikuwa mkaidi, sikujua.

Mgeni wa Kitengo

Asanteni sana. Nimesubiri siku chache ili nirudi na kitu mkononi.

Alhamisi nilikaa na kijana. Nikamwambia mkataba ni refa. Alinitazama kidogo, kisha akaanza: "Okay, Germany did wrong, but they didn't even let them talk! They just gave the paper!" Niliandika neno kwa neno. Nikampa "although" na "negotiate". Akahangaika kama robo saa, akafuta mara tatu, mwishowe akaandika kwa mkono wake: "Although Germany was blamed for the war, it was not allowed to negotiate the terms." Akaisoma kwa sauti. Akauliza, "Hii naruhusiwa kuiandika?" Baada ya hapo akaandika aya mbili bila kuniangalia.

Binti: mlezi wa bweni lake anasema kwenye simu na mama yake hanyamazi. Nimeshusha pumzi. Vipindi vyake vya pembeni vinabaki, lakini vya picha na kusikiliza.

Aya mbili za kijana nimezipeleka kwa mwalimu wa Historia pamoja na ile mistari minne, sikusema neno. Alizisoma zote amesimama. Kesho kipindi cha tatu nakaa nyuma ya darasa lake na daftari. Amenikaribisha mwenyewe, na ile ripoti ameomba arudishiwe.