Tupeane uzoefu: sabudomeni zinazogoma kwenye laptop yako ulizinyoosha vipi?

Wakuu habari za mchana. Wadau wa WordPress maltisaiti (WordPress moja inayobeba saiti nyingi) hapa Dar naona wengi tunakwama palepale, saiti mama inafunguka fresh, ukigusa saiti mtoto brauza inasema haipatikani. Naanza mimi. Nina kazi ya mteja wa Kariakoo, kila duka na sabudomeni yake, viatu.soko.test, vitenge.soko.test na kuendelea. Sasa watu wanaandika *.soko.test kwenye faili la hosts (lile la kompyuta linalosema jina fulani liende IP gani) wakijua nyota itabeba zote, haibebi aisee, lile faili nyota hailijui, kila jina lazima likae mstari wake na 127.0.0.1, yaani mashine yako yenyewe, mbele. Nyota weka kwenye Apache, ile seva ya wavuti ya kwenye laptop, ServerAlias *.soko.test, halafu restart. Wa Windows mfungue Notepad kama administrator la sivyo haisevu. Haya leteni zenu.

FundiTabata:
Hosts nilishaachana nayo mkuu, mteja akiongeza tawi unaongeza mstari, utachoka. Mi nipo Linux natumia dnsmasq, kiprogramu cha DNS kinachojibu majina hapohapo kwenye mashine, address=/test/127.0.0.1 basi, chochote kinachoishia .test kinarudi kwenye mashine. Wa Windows kuna Acrylic ya kazi hiyohiyo, nayo inakubali nyota. Ila shusheni mapema bando likiwepo.

BintiSinza:
Yangu ilikuwa kichekesho, nafungua sabudomeni ya kwenye laptop inanirusha live, kwenye saiti halisi ya mtandaoni! Kumbe database imetoka live na kwenye jedwali la wp_blogs, lenye orodha ya saiti, majina bado ni yaleyale ya live, wp_site pia, na siteurl na home (anwani) za kila saiti, usisahau na DOMAIN_CURRENT_SITE kwenye wp-config. Dawa ni amri ya WP-CLI, wp search-replace na --network mwishoni. Ile ya kufungua dump (faili la database) kwenye editor na kufanya find and replace achaneni nayo jamani, data zilizo-serialize zinabeba idadi ya herufi, jina likibadilika urefu mipangilio inavurugika. Na ukimaliza jaribu kwa incognito maana brauza inakumbuka redirect ya zamani, utadhani bado hujatibu.

Mzee wa Seva:
Binti umenena. Mi huwa naangalia imeangukia wapi kwanza. Haipatikani kabisa, tatizo ni jina, rudi hosts. Imeleta ukurasa wa XAMPP (kifurushi chenye Apache), jina liko sawa ila Apache hajui folda. Imekupeleka wp-signup.php, ukurasa wa kujisajili, basi imefika WordPress ila saiti hiyo haipo kwenye wp_blogs, hapo hosts utaihariri mpaka kesho.

DogoMwenge:
Wakuu mi nilirithi projekti ya zamani inaishia .dev, kila nikifungua inalazimisha https. Ni Chrome tangu 2017 wameifungia .dev yote https, nikahamia .test nikapumua.

BintiSinza:
Na kwenye simu mnatest vipi? Nimeunga waifai moja na laptop, sabudomeni haziji.

FundiTabata:
Simu haisomi hosts ya laptop dada. Hapo dnsmasq irudishe IP ya laptop ya kwenye waifai badala ya 127.0.0.1, halafu DNS ya simu uielekeze kwenye laptop. Ufungue na firewall, port 53 na 80.