Glioblastoma kwenye bevacizumab: kontrasti imepungua, FLAIR imetanuka. Tusomeje?

PichaZaZamu: Wakuu, habari za kazi. Glioblastoma (saratani kali ya ubongo) iliyorudi, mgonjwa yuko kwenye bevacizumab 10 mg/kg kila wiki mbili. MRI ya wiki ya nane: eneo linalong'aa kwa kontrasti (dawa ya sindano ya kung'arisha picha) limepungua zaidi ya nusu, ila eneo jeupe kwenye FLAIR (picha ya MRI inayoonyesha maji na uvimbe) limevuka hadi upande wa pili wa ubongo. rCBV (kiasi cha damu kwenye uvimbe kikilinganishwa na sehemu nzima ya ubongo) ilikuwa 2.9, sasa 1.1. Ya kwanza ilipigwa kwenye mashine ya 1.5T (tesla, nguvu ya sumaku) bila dozi ya awali ya kontrasti kabla ya kipimo, ya sasa 3T. Tuandike dawa inafanya kazi?

Msomaji_Ubongo: Msiandike hivyo. Dawa hiyo inazuia VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kukua na kuvuja. Mishipa huacha kuvuja ndani ya siku chache, kontrasti haitoki nje ya mishipa, picha inapendeza na seli za saratani ziko palepale. Ndiyo maana vigezo vya RANO vya 2010 (vya kupima kama uvimbe wa ubongo unaitikia tiba) viliingiza picha za T2/FLAIR na kutaka nafuu ithibitishwe baada ya wiki nne. Angalieni pia deksamethasoni (steroidi ya kupunguza uvimbe): dozi ikipanda, mng'ao hushuka wenyewe.

Sumaku3T: Hizo rCBV mbili hazilinganishiki, mkuu. Mishipa ikivuja bila dozi ya awali, gadoliniamu (ndiyo kontrasti yenyewe) iliyotoka nje hupandisha ishara ya T1 na rCBV husomeka chini kuliko ilivyo. Fungua mchoro wa ishara kwa muda: mkia ukipita juu ya mstari wa mwanzo, ndiyo hiyo.

Tunavyopiga 3T: kanula ya geji 18 au 20 kwenye kiwiko, kontrasti 0.1 mmol/kg ya awali, subiri dakika 5 au 6, kisha 0.1 nyingine kwa ml 3–5 kwa sekunde, na maji ya chumvi ml 20 kwa kasi ileile. Mipangilio ya mashine: TE (muda wa mwangwi) 30 ms, TR (muda wa kurudia) kama sekunde 1.25, pembe ya kugeuza digrii 60. Anza kupiga karibu dakika moja kabla ya sindano, la sivyo huna mstari wa mwanzo. Hutaki dozi mbili? Moja tu, pembe ishuke hadi 30. Marekebisho ya uvujaji ni lazima kwa vyovyote.

Na someni chupa! Gadobutrol, aina moja ya kontrasti, ni 1 mmol/ml, nyingi nyingine 0.5. Kilo 70 ni ml 7 au ml 14.

PichaZaZamu: rCBV tulipimia kwenye ukingo wa shimo la upasuaji.

Msomaji_Ubongo: Hapo damu ya zamani inakula ishara, namba haina maana. Hakikisheni kwa SWI (picha ya MRI inayoonyesha damu ya zamani), hamieni kwenye uvimbe wenyewe, epukeni mishipa mikubwa, gawanyeni kwa thamani ya sehemu nyeupe ya ubongo isiyo na ugonjwa ya upande wa pili. Rudieni baada ya wiki nne, mashine ileile, na ADC (kipimo cha jinsi maji yanavyotembea kwenye tishu; seli zikisongamana hushuka) iwepo: FLAIR inayotanuka huku ADC ikishuka ni uvimbe unaotambaa mpaka ithibitike vinginevyo.