Juisi ya balungi inashusha kolesteroli? Bi mkubwa yuko kwenye dawa, naombeni ushauri

Mwana Muheza: Habari za jioni wakuu. Bi mkubwa ana miaka 61. Alipima akakutwa na LDL, ile kolesteroli mbaya, 4.8, daktari akamwandikia atorvastatini miligramu 20 kila usiku. Jirani kamwambia juisi ya balungi inakata mafuta, na kwa vile mabalungi yamejaa uani, anakamua jagi zima kwa siku. Wiki ya tatu sasa mapaja yanamuuma, hata kuinuka mkekani ni shughuli. Yeye anasema ni uzee. Je, aache dawa abaki na juisi? Dawa nayo ni gharama.

Barobaro wa Chumbageni: Mshua wangu anakunywa ya ubuyu na yuko fiti. Balungi chungu vile, lazima lisafishe mafuta.

Mfamasia Mstaafu: Uchungu hausafishi kitu, mdogo wangu.

Mwana Muheza, soma hii kabla bi mkubwa hajameza cha leo. Kwenye utumbo kuna kimeng'enya kinaitwa CYP3A4, kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja sehemu ya dawa hiyo kabla haijafika kwenye damu. Balungi linakizima. Dawa inapita nyingi kuliko alivyokusudia daktari, na misuli ndiyo inayolipa. Ni mara chache, lakini misuli ikiharibika sana hata figo huumia. Wala asijidanganye kwamba juisi ni asubuhi na dawa ni usiku: balungi likishakizima, hali hiyo hudumu zaidi ya siku nzima.

Juisi isimame leo. Mpigie daktari sasa hivi akuambie kuhusu dozi ya usiku, msijiamulie wenyewe. Muulize pia kuhusu kipimo cha CK, kinachoonyesha kama misuli inaharibika, na cha figo. Mkojo ukigeuka rangi ya chai kavu, hapo ni hospitali usiku huohuo.

Bi Tausi: Na machungwa? Mie natumia hizohizo dawa.

Mfamasia Mstaafu: Chungwa tamu kula, dada. Danzi liache, lina tabia za balungi. Na huyo jirani hakukosea kabisa: pektini, yaani nyuzinyuzi za tunda, husaidia kushusha LDL kidogo. Ila ukikamua na kuchuja, nyingi umeitupa na makapi. Bora maharage, na tui zito lipungue.

Bi Tausi: Tui tena! Mtu wa Tanga ale nini?

Mwana Muheza: Nimempigia daktari. Kasema cha leo asimeze, asubuhi nimpeleke akatolewe damu. Nimeuliza kama kuna dawa nyingine, akataja rosuvastatini.

Mfamasia Mstaafu: Hiyo haitegemei sana kimeng'enya hicho. Ila nayo huweza kuumiza misuli, kwa hiyo asubiri majibu kwanza.

Mwana Muheza: Shukrani mzee wangu. Jagi nimelimwaga, bi mkubwa kanuna. Anauliza mabalungi yote yale atampa nani.

Barobaro wa Chumbageni: Nitumie mimi kiroba kimoja.