Mionzi kidogo: je, kuna dozi isiyo na madhara?

Mleta mada: Wadau, tulijadili hili bila jazba. Kanuni za kinga ya mionzi karibu kote duniani zinashikilia kwamba kila dozi, hata iwe ndogo vipi, inaongeza hatari ya saratani. Mimi naona dhana hiyo inatutisha kupita kiasi. Manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki wanafuatiliwa tangu 1950. Kwa waliopigwa na dozi kubwa, saratani ilizidi, hilo halina ubishi. Ukishuka chini ya milisiveti 100 hivi (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini), ongezeko linamezwa na saratani ambazo zingetokea tu. Na kila binadamu anapokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kuna pwani ya Kerala, India, yenye mchanga wa thoriamu, madini yanayotoa mionzi, ambako wakazi hupata zaidi ya hapo mara kadhaa, na waliowafuatilia hawakukuta saratani imezidi.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, kutoonekana si kutokuwepo. Wafanyakazi wa nyuklia zaidi ya 300,000 wa Marekani, Uingereza na Ufaransa wamefuatiliwa kwa miongo. Matokeo ya 2023: hatari ya kufa kwa saratani za uvimbe (si za damu) inapanda kama 52% kwa kila grei (kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili; grei moja ni miligrei 1,000), na wengi wao walipata dozi ndogo mno, tena kidogo kidogo. Usisingizie sigara, hata saratani ya mapafu ikiwekwa kando, ongezeko linabaki. Daktari Mwingereza Alice Stewart naye alisema tangu 1956 kwamba eksirei kwa wajawazito zinawaletea watoto saratani. Alibezwa miaka mingi, leo mjamzito hapigwi eksirei ovyo.

Mchangiaji wa pili: Mimi nauliza la hospitali. Picha ya kifua ni milisiveti 0.1 au pungufu. CT ya tumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, inafika 10 hivi. Mgonjwa gani huwa anaambiwa?

Mleta mada: Hoja ya CT naipokea, aambiwe. Ila hiyo 52% tuipigie hesabu. Kwa miligrei 10, ambazo kwa eksirei ni milisiveti 10, inabaki kama nusu ya asilimia 1 juu ya hatari uliyonayo tayari. Sasa rudini Fukushima, Japani, 2011, kituo cha nyuklia kilipovujisha mionzi. Wagonjwa na wazee walihamishwa kwa haraka kutoka hospitali na nyumba za kulelea, na baadhi walifariki njiani au muda mfupi baadaye. Mzee wa miaka 85, yuko kitandani na dripu mkononi: mngempandisha basi usiku ule?