Mrejesho: seli za laptopu kwa taa ya banda la kuku

Wakuu, niliuliza kama naweza kuunga sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) seli nne za 18650, yaani betri za lithiamu za mviringo, za laptopu mbovu, ziwashe taa ya banda la kuku. Mlisema nipime volti kwanza. Aisee! Tatu zilisoma 3.9, moja 3.4, ningeziunga hivyohivyo, zile tatu zingeimiminia mwenzao umeme mpaka ichemke. Nikachaji kila moja peke yake hadi 4.2, nikaziacha siku tatu. Ileile ya 3.4 ikashuka yenyewe hadi 3.9, haishiki chaji, nikaitenga.

Tatu zilizobaki kila moja ina fyuzi yake, kisha TP4056 (kibodi kidogo cha kuchajia seli za lithiamu) yenye ulinzi, ile yenye OUT+ na OUT- za kuunga taa. Chaji ya ampea 1 ni ya kobe: nimechomeka asubuhi, taa ya bluu ya kuonyesha imejaa imewaka alasiri. Seli hazikupata joto. Kuku hawajalalamika.